Siku Kumi na Moja Zilizorukwa

Mtoto alizaliwa Jumatatu asubuhi, tarehe mbili Aprili, na kabla kitovu hakijafungwa watu watatu ndani ya nyumba ile walikuwa wameshahesabu.

Wa kwanza alikuwa mkunga, Bibi Hepziba. Aliuinua mkono wa mtoto, akautazama kwenye mwanga wa dirisha, akaushusha polepole. Wa pili alikuwa Kezia Wadlow, nyanya wa mtoto, aliyesimama na beseni la maji ya moto akimtazama mkunga anavyotazama. Wa tatu alikuwa mzazi mwenyewe, Damaris, binti wa Kezia, ambaye hakuwa na haja ya kutazama chochote. Yeye alikuwa amemaliza hesabu yake tangu theluji ya kwanza.

"Wa kiume," alisema Bibi Hepziba. "Mzito. Nimebeba wana-kondoo wepesi kuliko huyu."

"Ametoka kabla ya wakati," alisema Kezia haraka. "Tulimtarajia mwezi wa tano."

Mkunga alimfunga mtoto kitambaa, akamlaza kifuani kwa mama yake, ndipo akajibu. "Mama Mchungaji, mimi nimepokea watoto wa mji huu miaka thelathini na mmoja. Kazi yangu ni kupokea. Kuhesabu ni kazi ya mumeo."

Alipoteremka ngazi alimkuta mume huyo amesimama katikati ya jiko, kofia mkononi. Mchungaji Jedediah Wadlow alikuwa mtu mrefu, mwembamba, wa miaka hamsini na sita. Alikuwa mchungaji wa kanisa la Wexham, mji wa koloni la Waingereza huko Amerika, na mkuu wa chuo kidogo kilichokuwa ng'ambo ya barabara, chenye vijana thelathini na mmoja waliokuwa wakijifunza Kilatini, Kiebrania na mwendo wa nyota. Watu walimheshimu kwa sababu hakuwahi kukosea jambo ambalo lingeweza kuhesabiwa.

"Wote wazima?" aliuliza.

"Wote wazima."

"Mungu asifiwe. Na mtoto... ni mdogo sana?"

Bibi Hepziba alifunga mkoba wake. "Kucha zimepita ncha za vidole, Mchungaji. Lakini nakumbuka uliniambia mwezi uliopita kwamba kanuni haihesabu kucha. Inahesabu siku." Akachukua shali yake, akatoka.


Kanuni hiyo haikuwa ya Wadlow. Aliikuta kwenye kitabu cha kanisa, imeandikwa na mchungaji aliyemtangulia: mtoto akizaliwa kabla ya miezi saba kutimia tangu ndoa, wazazi wake watasimama katikati ya nyumba ya ibada, ungamo lao litasomwa, na wasipoungama mtoto hatabatizwa. Kila mwaka walipatikana mmoja au wawili. Walisimama, walisomewa, watu walinyoosha mikono kuwapokea, mambo yakaisha. Si wote walioona aibu sana. Mji mzima ulikuwa na wajomba na shangazi waliowahi kusimama pale.

Shida iliingia mwaka uliopita, 1752, pale Bunge la London lilipoamuru kalenda irekebishwe. Watu walilala Jumatano, tarehe mbili Septemba, wakaamka Alhamisi, tarehe kumi na nne. Siku kumi na moja zilirukwa kama mtu anavyoruka mtaro. Wenye nyumba walidai kodi kamili, wapangaji wakalalamika, na Mchungaji Wadlow akahubiri kwa utulivu kwamba hakuna aliyeibiwa hata saa moja ya uhai wake. Majina ya siku ndiyo yaliyobadilika, siku zenyewe ziko palepale.

Ndipo tarehe kumi na nne Machi alipozaliwa mtoto wa Tirza Rudd, binti wa Obadia Pellet fundi wa mapipa. Tirza na mumewe Amos walifunga ndoa Alhamisi tarehe sita Agosti. Kwa almanaka, miezi saba ilikuwa imetimia na siku nane juu yake. Shemasi Thrale alikuwa tayari kuandika jina la mtoto kwenye orodha ya ubatizo, na Wadlow ndiye aliyemzuia.

"Umesahau zile siku kumi na moja, Shemasi," alimwambia. "Hesabu majuma. Jumapili hazikurukwa. Miezi saba ni majuma thelathini, siku mia mbili na kumi. Hawa wana mia mbili na tisa."

"Siku moja, Mchungaji?"

"Nisipoihesabu moja, nitaanzia ngapi?"

Tirza alikataa wiki nzima. Alisema mtoto ametangulia, kwamba aliteleza kwenye barafu akibeba ndoo, kwamba hawakufanya lolote kabla ya ndoa. Bibi Hepziba alikwenda mwenyewe kwa mchungaji kumwambia kuwa mtoto hana kucha, na mgongo wake una manyoya kama panya. Wadlow alimsikiliza hadi mwisho, akamjibu lile jibu alilorudishiwa sasa. Mtoto akaanza kukohoa. Jumapili ya tarehe ishirini na tano Tirza na Amos wakasimama, ungamo likasomwa, mikono ikanyooshwa, mtoto akabatizwa. Damaris alikuwa ameketi kiti cha mbele, tumbo likiwa limejaa, akiyasikiliza maneno yote.

Baba yake hakulitazama tumbo lile. Alikuwa mtu wa kutazama mbali.


Saa nne asubuhi hiyo ya Jumatatu, Wadlow alikaa mezani pake na kipande cha karatasi. Damaris na Enoch Saltby, mwalimu kijana wa chuo, walifunga ndoa Alhamisi tarehe ishirini na saba Agosti, na yeye ndiye aliyewafungisha. Kwa almanaka, miezi saba na siku sita. Alihesabu kwa siku. Akapata mia mbili na saba. Alihesabu tena kuanzia mwisho kurudi mwanzo, kama alivyowafundisha wanafunzi. Mia mbili na saba.

Enoch aliingia bila kuitwa. Alikuwa na miaka ishirini na minne, na alikuwa amevaa kola yake upande.

"Funga mlango," alisema Wadlow. "Nitakuuliza jambo moja, na nitakuuliza mara moja."

"Ni kweli, Mkuu," alisema Enoch.

"Sijauliza."

"Nimekuepusha kuuliza. Ni kweli. Ilikuwa mwezi wa saba, wakati wewe umekwenda Boston kununua darubini."

Wadlow aliikunja karatasi mara mbili, kisha mara nne. "Na Jumapili ile mlikaa mnamsikiliza binti wa Obadia."

"Tulikaa."

"Mkanyamaza."

"Wewe ulikuwa unasoma, Mkuu. Nani angekukatiza?" Enoch aliinyoosha kola yake. "Sheria ya chuo unaijua. Mwalimu akiungama hadharani, anatoka siku hiyohiyo. Sina shamba. Baba yangu ana wana watano wakubwa kuliko mimi na ekari arobaini za mawe. Sisemi hivi ili unionee huruma. Nasema ili ujue kilicho mezani."

"Najua kilicho mezani pangu."

"Basi niambie nifanye nini."

Wadlow aliitia karatasi mfukoni. Alimtuma akamwangalie mkewe.


Jumatano alikuja Shemasi Thrale. Alikuwa mfanyabiashara wa mbao, mnene, mchangamfu, mmoja wa wadhamini wa chuo, na ndiye aliyeahidi paa jipya la bweni. Aliketi kwenye kiti bora bila kukaribishwa, akamsifu mtoto, akala vipande viwili vya mkate wa mahindi, kisha akaivuta almanaka iliyokuwa mezani.

"Mwezi uliopita ulinirekebisha," alisema. "Nimefikiri sana tangu siku ile. Nadhani nilikuwa sahihi."

"Hukuwa sahihi."

"Mchungaji, sikiliza. Sheria ya Mfalme inasema leo ni tarehe nne Aprili. Ukiandika hati ya shamba, unaandika kwa almanaka. Ukimfunga mtu miezi saba gerezani, unamwachia kwa almanaka. Kitabu cha kanisa kimesema miezi. Hakikusema majuma. Majuma uliyaleta wewe."

"Niliyaleta kwa sababu ndiyo kweli."

"Na sasa je?"

Nje mwanafunzi mmoja alikuwa akipasua kuni, na shoka lilisikika vizuri ndani.

"Jumapili," aliendelea Thrale, sauti ikishuka, "nitasimama mimi, si wewe, niombe kanisa lipige kura kwamba kuanzia sasa miezi ihesabiwe kwa almanaka. Mikono juu, kwisha. Kijana wako anabaki na kazi. Binti yako anabaki kitandani, mahali pa mzazi wa siku sita. Wadhamini wanakutana mwezi wa tano, na wapo wawili wanaosema mkuu wa chuo awe mtu wa mjini zaidi. Sitaki wapewe kuni za kuwashia moto."

"Na Tirza Rudd?"

Thrale alikung'uta makombo kwenye goti. "Tirza ameshasimama. Mtu hawezi kusimama kinyumenyume."

Alipoondoka, Wadlow alichukua kalamu. Kufikia jioni alikuwa ameandika kurasa tatu juu ya maana ya neno "mwezi" katika sheria za Warumi, katika Agano la Kale, na katika mikataba ya Kiingereza. Hoja ilisimama vizuri. Aliisoma tena akaona haina ufa, akajisikia furaha ile aliyoizoea ya kazi iliyonyooka, na furaha hiyo ndiyo iliyomtia hofu. Akaziweka kurasa ndani ya Biblia.


Ijumaa Kezia alihitaji kindoo cha kuwekea siagi. Wanawake wa mji wangekuja kumwona mzazi na ilibidi kuwe na cha kuwapa. Angeweza kumtuma mtu, lakini tangu mwezi uliopita kila aliyetumwa kwa Obadia Pellet alirudi na jibu kwamba fundi ana kazi nyingi, na kuni alizoleta Obadia kama sehemu yake ya posho ya mchungaji zilikuwa mbichi, zikaijaza nyumba nzima moshi. Kwa hiyo alikwenda mwenyewe.

Obadia alikuwa akipiga pete za mbao kwenye pipa. Alimwona, akaendelea kupiga.

"Habari za kazi, Mzee Obadia."

"Inakwenda, Mama Mchungaji."

"Nataka kindoo kidogo. Cha pete sita."

Obadia aliiweka nyundo chini. "Pete sita. Nikuhesabie kwa almanaka, au kwa majuma?"

Vijana wawili waliokuwa wakichonga mbao waliinamisha vichwa, mabega yakitikisika. Kezia alihisi uso ukiwaka. Alikuwa mke wa mchungaji miaka ishirini na nane na hakuna mtu aliyewahi kumcheka akiwa amesimama mbele yake.

"Baba, acha," ilisema sauti kutoka ndani.

Karakana na nyumba vilitenganishwa na pazia tu. Tirza alikuwa ameketi karibu na moto, na miguuni pake kulikuwa na kapu lililojazwa sufu. Kezia alikuwa amemwona mtoto yule mara moja tu, kanisani, amefungwa mashuka hadi puani. Sasa alimwona wazi. Alikuwa na majuma matatu na siku mbili, na kichwa chake kilikuwa sawa na ngumi ya Obadia. Mikono yake ilikuwa nje ya kitambaa. Kezia alifikiria mikono ya mjukuu aliyemwacha nyumbani, yenye vifundo vya mafuta, akasogea karibu na kapu.

"Anakua?" aliuliza.

"Ananyonya. Kukua sijui." Tirza alimfunika. "Wako ni mkubwa, wanasema."

"Ni mkubwa."

"Hongera."

"Tirza, mwanangu..."

"Usiniite mwanao, mama, nitalia, na nikilia maziwa hukatika." Alisema hivyo bila hasira, kama mtu anayetoa maelekezo ya njia. "Nitakuambia jambo moja, umwambie au usimwambie, ni shauri lako. Wanadhani nina uchungu kwa sababu nilisimama. Watu wengi walisimama. Shangazi yangu alisimama, akaenda nyumbani akapika maharage. Mimi nina uchungu kwa sababu nilisema uongo. Mumeo aliiandika ile karatasi, akanisomea, nikamwambia si kweli. Akasema kanisa haliwezi kubatiza bila ungamo. Mtoto alikuwa anakohoa. Nikatia alama yangu. Nikasimama mbele za Mungu nikakubali dhambi ambayo sina. Kwa hiyo sasa ninayo moja, tena ya kweli, na hiyo hakuna anayenidai niiungame."

Obadia alikuwa ameacha kupiga. Vijana nao.

"Kindoo kitakuwa tayari kesho," alisema Obadia. "Cha pete sita."


Kezia alimwambia mumewe Jumamosi mchana, jikoni, akikatakata nyama ya nguruwe ya chumvi kwa ajili ya chungu cha maharage cha Jumapili. Alimwambia neno kwa neno. Wadlow alisikiliza akiwa amesimama.

"Sikuwa na njia ya kujua," alisema.

"Hepziba alikuja hapa. Alikaa kwenye kiti kile. Alikueleza kuhusu kucha, na manyoya, na ngozi."

"Ushahidi wa macho hukosea. Hesabu haikosei."

"Hesabu haikukosea!" Kezia alikipiga kisu ubaoni. "Hesabu yako ni sahihi, Jedediah. Imemnasa asiyekosa kwa siku moja, na Thrale anataka kuitupa ili kumwachia aliyekosa kwa siku tatu. Umeandika nini kwenye zile kurasa ndani ya Biblia? Usidhani sizifungui Biblia za nyumba hii."

"Ni hoja tu. Sijaamua kuitumia."

"Basi amua kabla maharage hayajaiva."

"Unajua unachoniomba? Enoch atatoka chuoni. Watakwenda wapi na mtoto mchanga? Na mimi mwezi wa tano..."

"Sikuombi kitu. Nimeolewa na mtu anayehesabu, nami najua kuhesabu."

Ubao wa ngazi ulilia. Damaris alikuwa amesimama katikati ya ngazi, miguu mitupu, ameshika ukuta. Enoch alikuwa nyuma yake, mikono tayari kumdaka.

"Rudi kitandani," alisema Kezia.

"Nitasimama kesho, baba," alisema Damaris. "Tumeshazungumza. Enoch ameurudisha ufunguo wa chumba cha walimu asubuhi."

Wadlow alimtazama Enoch. "Nani amekuambia uurudishe?"

"Hakuna. Nimeuning'iniza kwenye msumari wake."

"Una siku tano tangu kujifungua," Wadlow alimwambia binti yake, na sauti yake haikuwa ya mimbarini. "Pale ni baridi. Utaanguka."

"Tirza alisimama na siku kumi na moja, na mtoto anakohoa." Damaris aliposikia alichosema alikaribia kucheka, lakini haikuwa cheko. "Siku kumi na moja. Nilikuwa nimekaa mbele, baba. Aliponipita alinitazama tumboni, kisha usoni, na hakusema kitu. Angeweza kusema. Mtu angemwamini. Alinyamaza, akaenda kusimama. Mimi siwezi kumlea mtoto juu ya hilo."

Wadlow aliichukua Biblia, akasimama nayo kidogo karibu na moto, kisha akavuta kiti, akakaa. Aliomba wino. Kezia alimletea, na alipopita karibu na moto aliona kurasa tatu zikiwa tayari ndani yake, pembe zake zikijikunja.

"Andika la kwenu," alisema Wadlow akimsogezea Enoch karatasi. "Mwandike yaliyo kweli tu, wala msipambe. Mimi nina la kwangu."


Jumapili ilikuwa na upepo kutoka mtoni. Watu walikwenda ibadani na majiko yao madogo ya makaa kwa ajili ya miguu, wanaume upande mmoja, wanawake upande wa pili, wanafunzi juu kwenye roshani. Bibi Hepziba alikuwa amelipasha moto bakuli la ubatizo juu ya makaa, kwa sababu wiki mbili zilizopita maji yalikuwa na ganda la barafu.

Damaris alipoingia ameshikwa na mama yake aliyembeba mtoto, minong'ono ilipita kwenye viti kama upepo kwenye mabua. Shemasi Thrale alitabasamu, akadhani amekuja kwa ubatizo. Alikohoa na kuanza kuinuka na ombi lake la kura.

"Keti, Shemasi," alisema Wadlow kutoka mimbarini. "Kuna ungamo."

Enoch na Damaris wakasimama katikati. Wadlow akasoma karatasi yao, mistari minne. Sauti yake ilishikilia hadi penye jina la Damaris, ikakatika, akaanza mstari upya. Kisha akauliza kama kanisa linawapokea. Mikono ya wanaume ilinyooka upesi, mingi, wengine wakifurahi kidogo, wengine wakimhurumia msichana aliyekuwa mweupe kama kitambaa cha meza. Obadia Pellet pia alinyoosha. Hakuwa na ugomvi nao.

Watu walidhani yameisha. Wadlow akashuka mimbarini. Alipita mbele ya viti vya wazee, akafika pale pale walipokuwa wamesimama binti yake na mkwewe, akawaashiria wakae. Akabaki peke yake. Kwa desturi, anayeungama hasomi, husomewa. Alimnyooshea Thrale karatasi.

"Tafadhali, Shemasi."

Thrale hakuipokea. Mikono yake ilikuwa ndani ya koti. "Mchungaji, usijivunjie heshima," alisema chini chini. "Hakuna kanuni ya jambo hili."

"Najua hakuna."

"Basi sina cha kusoma."

Wadlow akabaki na mkono umenyooka. Dakika moja ni ndefu katika nyumba yenye watu mia mbili. Mwanafunzi mmoja juu alicheka kwa woga, akazibwa mdomo na mwenzake.

Upande wa wanaume, kiti cha tano, Obadia Pellet aliinuka. Alikwenda hadi mbele kwa viatu vyake vizito, akaichukua karatasi, akaipeleka mbali na macho, kisha karibu.

"Mwandiko wako ni mbaya, Mchungaji," alisema.

"Nisamehe."

Obadia alisoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, neno, kisha neno.

"Mimi, Jedediah Wadlow, mchungaji wenu, naungama... kwamba mkunga aliniambia yaliyo kweli kuhusu mtoto wa Amos na Tirza Rudd, nami sikumsikiliza, kwa kuwa nilipenda... nilipenda hesabu yangu kuliko jirani yangu. Niliandika ungamo la dhambi ambayo haikuwapo, nikalitia... kinywani mwa mwanamke aliyeniambia si kweli. Uongo uliosomwa hapa Jumapili ile ni wangu, wala si wake. Naomba ufutwe kitabuni. Naomba..." Akasimama. Aliusogeza mdomo bila sauti. "Naomba msamaha wa Tirza Rudd kwanza, na wenu baadaye."

Aliikunja karatasi. Kwa kuwa Thrale alikuwa bado amekaa, mzee mwingine wa kanisa aliuliza kwa kusitasita kama wanampokea. Mikono ilianza kunyooka, huku na huku, si upesi kama mwanzo. Ya Obadia haikunyooka. Alikuwa amesimama pale pale na karatasi kifuani.

"Mzee Obadia?"

"Nimeisoma kwa mdomo tu," alisema. "Imesema Tirza kwanza. Wanawake hawapigi kura humu. Basi nitaipeleka nyumbani, akae nayo. Akiikubali, Jumapili ijayo nitanyoosha mkono."

"Na iwe hivyo," alisema Wadlow. "Nami hadi siku hiyo sitapanda mimbarini wala kushika maji ya ubatizo."

Damaris aliinua kichwa. Hakuna mchungaji mwingine aliyekuwa karibu zaidi ya mwendo wa siku moja. Mtoto, aliyekuwa kimya muda wote mikononi mwa Kezia, alianza kulia kwa sauti nene ya mtoto mwenye afya, na ikajaza nyumba yote hadi kwenye mihimili.

Kutoka viti vya nyuma upande wa wanawake Tirza Rudd aliinuka. Hakuna aliyemwita. Alikuja mbele na mtoto wake kwenye shali, akasimama karibu na Kezia, na kwa mara ya kwanza watu waliwaona watoto wawili pamoja, mmoja wa siku sita, mwingine wa siku ishirini na tano, na yule wa siku sita alikuwa karibu mara mbili ya mwenzake. Kiti kimoja baada ya kingine, watu waliacha kunong'ona.

Tirza alichukua karatasi mkononi mwa baba yake. "Kuandika sijui," alimwambia Wadlow, "lakini kusoma najua. Nitaisoma mwenyewe, nyumbani, polepole. Itanichukua muda."

"Chukua muda wako wote," alisema Wadlow.

"Sijakusamehe, Mchungaji. Nataka wote wasikie hivyo, wasije wakasema nilikuja mbele kukusamehe."

"Wamesikia."

Tirza alitazama bakuli juu ya makaa yaliyokuwa yanageuka majivu. Aliingiza kidole ndani ya maji, akakitoa.

"Mbatize mtoto," alisema. "Maji yanapoa."

Wadlow akavua glavu, akanyoosha mikono kumpokea mjukuu wake.